Mshono Usiofichwa

Mtu anayetengeneza programu ya simu ana haki gani ya kumficha mtumiaji mahali ambapo kazi yake inaishia na kazi ya mtu mwingine inaanza? Fundi ukimuuliza hivyo atakushangaa. Atakuambia kuficha ndiko ufundi wenyewe, kwamba nguo iliyoshonwa vizuri haioneshi mishono, na mvaaji hana haja ya kujua kola ilikatwa kwenye kitambaa kipi. Kwa miaka miwili sasa, pembeni ya masomo yangu ya uzamili, nimekuwa nikifanya kazi hii ya kuunga vipande ndani ya programu za simu. Kadiri ninavyoizoea, ndivyo jibu hilo la fundi linavyozidi kunikera.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu swali la maadili bila kitu chenyewe hugeuka mahubiri.

Programu nyingi za simu siku hizi haziandikwi mara mbili, moja ya Android na nyingine ya iPhone. Huandikwa mara moja kwa zana inayofanya kazi pande zote mbili. Mojawapo ya zana hizo ni Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Flutter ina tabia yake ya pekee. Haiiombi simu vitufe, orodha wala visanduku vya kuandikia. Inaomba turubai tupu, kisha inachora kila kitu yenyewe, tena upya kila skrini inapobadilika. Kitufe unachokibonyeza ndani ya programu ya Flutter si kitufe cha Android. Ni mchoro wa kitufe. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, ilichagua njia tofauti: inatoa maelekezo, na simu inaleta vitufe vyake yenyewe.

Njia ya Flutter ina raha yake. Programu inafanana kila mahali, na mchoraji hamtegemei mtu. Lakini kuna vitu ambavyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeanza kuvichora upya. Ramani ya Google ni mfano mmoja. Kivinjari kizima chenye uwezo wa kufungua ukurasa wowote wa wavuti ni mfano mwingine. Vitu hivi vipo tayari, vimetengenezwa na mwenye mfumo wa simu au kwa ajili ya mfumo huo, na njia pekee ya kuvipata ni kuviingiza vilivyo katikati ya mchoro wako. Nitaviita vipande vya mwenyeji, kwa maana mwenyeji hapa ni mfumo wa simu, na programu yako ni mgeni aliyepewa chumba.

Sasa utauingizaje ukurasa halisi wa wavuti katikati ya mchoro? Kwa Android, Flutter imepita njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kumpa mwenyeji skrini ya bandia isiyoonekana, kumwachia aonyeshe kipande chake humo, kisha kupiga picha ya skrini hiyo na kuibandika kwenye mchoro. Ya pili ilikuwa kukiacha kipande mahali pake halisi, kukata tundu kwenye turubai, na kumwachia Android kazi ya kupanga nini kikae juu na nini chini. Ya tatu, iliyokuja na Flutter 3.0 mwaka 2022, ni mchanganyiko: kipande kinabaki kwenye mpangilio halisi wa simu, lakini rangi zake zinaelekezwa kwenye picha ambayo Flutter inaichora. Upande wa iPhone kuna njia moja tu, ya kukiweka kipande halisi mahali pake.

Nimezieleza njia hizi kwa sababu kila moja ina gharama, na gharama hizo haziwaangukii watu wale wale.

Njia ya skrini ya bandia ilipendeza macho lakini ilimkatili asiyeona. Mtu asiyeona hutumia kisoma skrini, kama TalkBack ya Android, kinachomsomea kwa sauti kilicho chini ya kidole chake. Kisoma skrini hakisomi rangi. Kinasoma orodha ya vitu ambayo mfumo unaitunza: hiki ni kitufe, hiki ni kichwa cha habari, hapa andika jina lako. Kwa kuwa Flutter inachora tu, inalazimika kuandika orodha hiyo yenyewe, la sivyo kwa asiyeona skrini nzima ni ukuta. Kipande cha mwenyeji nacho kina orodha yake. Kikiwekwa kwenye skrini ya bandia, kinakuwa nje ya mpangilio wa dirisha la programu, na orodha mbili zinakuwa ngumu kuunganishwa. Kibodi nayo ilisumbua kwa sababu hiyo hiyo: unagusa kisanduku cha kuandikia ndani ya ukurasa, na simu haijui kisanduku hicho kiko wapi.

Njia ya tundu ilitibu hayo na kuleta mengine. Kwenye simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 10, kila fremu ya mchoro ililazimika kunakiliwa kutoka kumbukumbu ya picha kwenda kumbukumbu kuu, halafu kurudishwa tena. Kwenye simu mpya hutaona kitu. Kwenye simu ya bei nafuu ya miaka kadhaa iliyopita, ile ambayo shangazi alirithi kwa mtoto wa dada yake, programu inakwama kwama kama daladala kwenye foleni ya jioni. Njia ya tatu imepunguza mengi, lakini watunzaji wa Flutter wenyewe wanaandika wazi katika maelekezo yao kwamba ukiperuzi ukurasa kwa kasi unaweza kuona mikwaruzo, na kwamba baadhi ya vipande bado hurudishwa kwenye skrini ya bandia na kuharibu usomaji wa asiyeona.

Jambo hili si geni. Java ilipokuja mwaka 1995 na ahadi kwamba utaandika mara moja na kuendesha popote, nayo ilikuja kuwa na vipande vya aina mbili: vizito, vilivyokuwa mali ya mfumo wa kompyuta, na vyepesi, vilivyochorwa na Java yenyewe. Ukivichanganya, vizito vilikaa juu daima. Ungefungua menyu, nayo ingejificha nyuma ya kipande kizito kana kwamba imeona aibu. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mfupi: usichanganye. Dawa ilipatikana katika Java 6, kwenye sasisho la 12, zaidi ya miaka kumi baada ya ahadi ile.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Mimi ningeongeza swali: vimeundwa kwa jasho la nani, na vikianza kuzama atazama nani kwanza?

Hapo ndipo swali la kwanza la maadili linapokaa, na halihitaji falsafa nzito. Ulaini wa programu haupatikani bure. Mtu fulani anaulipia, ama kwa simu yake kukwama, ama kwa chaji kuisha, ama kwa kukutana na ukuta mahali ambapo wengine wanaona ramani. Wanaolipa ni nadra sana kuwamo chumbani siku ya maonyesho. Chumbani kuna simu mpya, intaneti ya kasi, na macho yanayoona. Mteja anapiga makofi kwa sababu mshono hauonekani, na kwa yeye kweli hauonekani. Mwanafunzi mwenzangu asiyeona aliwahi kuniambia kwamba yeye hugundua mishono ya programu kuliko mtu yeyote darasani, kwa sababu ndipo sauti inapokatika. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema programu yake haina mshono, namuuliza: kwa nani?

Lakini suala la gharama, hata likiwa zito, linaweza kutatuliwa na wahandisi. Simu zinaboreka, njia ya tatu itapata ya nne. Hebu tudhani siku moja kila kitu kitakuwa laini kwa kila mtu, kwa anayeona na asiyeona, kwa simu ya bei ya juu na ya bei ya chini. Je, hapo tutakuwa na haki ya kuficha mshono? Mimi nadhani hapana, angalau si mshono wowote, na sababu yangu iko kwenye kipande kimoja hasa: ukurasa wa wavuti.

Ramani ukiiweka ndani ya programu yako, mtumiaji anaangalia barabara. Ukurasa wa wavuti ukiuweka, mtumiaji anaweza kuwa anazungumza na benki yake. Anaona nembo ya benki, rangi za benki, kisanduku cha neno la siri. Anaamini yuko kwenye kaunta ya benki. Ukweli ni kwamba yuko ndani ya nyumba yako, na benki inaonekana kupitia dirisha ambalo kioo chake ni chako. Mwenye programu anaweza kuingiza msimbo wake ndani ya ukurasa huo kwa mstari mmoja. Anaweza kusoma kinachoandikwa, kubadilisha kinachoonekana, kuchukua alama za utambulisho ambazo ukurasa umeacha. Sisemi wenye programu hufanya hivyo. Nasema wanaweza, na aliye upande wa pili wa kioo hana njia ya kujua.

Hili limejadiliwa na watu wenye uzoefu kuliko mimi. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba haitaruhusu tena watu kuingia kwenye akaunti zao za Google kupitia madirisha ya namna hii ndani ya programu za wengine, na mwaka uliofuata ikaanza kuyafunga. Oktoba 2017, IETF, jumuiya inayotunga kanuni za kiufundi za intaneti, ilitoa waraka namba 8252 unaosema programu za simu zisitumie dirisha la ndani kumwingiza mtu kwenye akaunti yake. Zimpeleke kwenye kivinjari cha simu. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba programu za Facebook na Instagram kwenye iPhone zilikuwa zinaingiza msimbo wao ndani ya tovuti za watu wengine zilizofunguliwa humo. Kampuni ilijitetea kwamba msimbo huo ulikuwa wa kuheshimu uchaguzi wa watumiaji kuhusu kufuatiliwa, na Krause mwenyewe alikuwa mwangalifu kusema kwamba kuwepo kwa msimbo si uthibitisho wa uovu. Nakubali. Kinachonishughulisha si kama uovu ulitendeka. Ni kwamba watumiaji hawakujua kama wako kwenye nyumba ya mtu.

Sasa niwaletee kitu ambacho kila msomaji wa hapa anakijua kwa vidole vyake. Unanunua kitu kwenye programu ya simu, unachagua kulipa kwa M-Pesa au mtandao mwingine wa pesa, unaweka namba yako ya simu. Programu inatulia. Kisha juu ya rangi zote zile nzuri kinatokea kisanduku kikavu, chenye maandishi ya kawaida, kisichofanana na chochote kilicho nyuma yake: lipa kiasi fulani kwa fulani, weka namba ya siri. Kwa macho ya mbunifu, kile kisanduku ni aibu. Kinavunja rangi, kinavunja herufi, kinakuja kwa wakati wake.

Lakini hebu kitazame tena. Kisanduku kile hakikuchorwa na programu uliyokuwa ndani yake. Kimekuja kupitia mtandao wa simu, na kwa kawaida duka halioni namba unayoandika. Linapokea jibu tu kwamba malipo yamekubaliwa au yamekataliwa. Ubaya wake wa sura unakuambia jambo la kweli, kwamba umetoka kwenye duka na sasa unazungumza na anayetunza pesa zako. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, enzi ambazo simu nyingi za huku zilikuwa za vitufe. Hakuna aliyekaa na kubuni mshono wa kifalsafa. Uhaba wa simu janja ndio ulioupa. Hata hivyo tumeupata, na nadhani ni mmoja wa mishono ya kweli zaidi niliyowahi kuiona kwenye kioo cha simu.

Najua pingamizi, kwa sababu nimezisikia zote kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

La kwanza linasema uzuri nao ni heshima. Mtu anayetupwa huku na huku, kutoka programu hadi kivinjari hadi kisanduku, anachoka, anaogopa, anaacha. Mama mwenye haraka ya kulipa ada hahitaji somo kuhusu mipaka ya mifumo. Pingamizi hili ni zito na sitalipuuza. Kuna mishono mingi ambayo kuionyesha ni ukaidi tu. Sijali kama kitufe cha kurudi nyuma kimechorwa na Flutter au kimeletwa na Android. Wala simlazimishi mtu ajue kwamba ramani anayoiona imepita kwenye picha kabla ya kumfikia. Hapo fundi afiche kadiri awezavyo, na akificha vizuri nitampongeza.

La pili ni kali zaidi. Linasema mshono unaoonekana haulindi mtu, kwa kuwa mwizi naye anaweza kuchora mshono. Kisanduku kikavu ni rahisi kuigiza kuliko kitu chochote. Na ni kweli. Zipo programu hasidi za Android ambazo hungoja ufungue programu ya benki, kisha hulaza juu yake kurasa bandia zinazofanana na za benki. Kama kila kitu kinaweza kuchorwa, basi ishara ya ukweli nayo inaweza kuchorwa.

Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linatuonyesha mshono wa kweli unapaswa kuwa wa namna gani. Lazima utoke kwa mtu ambaye mgeni hawezi kumwigiza. Watengenezaji wa Windows NT walilijua hili walipoweka utaratibu wa kubonyeza Ctrl, Alt na Delete kabla ya kuandika neno la siri: mfumo wenyewe ndio unaozikamata funguo hizo tatu, na programu ya kawaida haiwezi kuzizuia. Kivinjari kina mstari wa anwani juu, sehemu ambayo ukurasa hauwezi kuiandika. Mwaka 2015 Apple na Google zote zilitoa njia ya kufungua ukurasa wa wavuti juu ya programu kwa kutumia kivinjari cha simu chenyewe, kikiwa na mstari wake wa anwani, ambapo programu iliyokifungua haioni kinachoandikwa humo. Njia hizo zipo tangu wakati huo. Kuzitumia ni kazi ya dakika chache. Tunapochagua dirisha letu badala yake, mara nyingi hatuchagui kwa kushindwa. Tunachagua kwa sababu dirisha letu lina rangi zetu.

Lipo na pingamizi la tatu, ambalo ndilo lililonitesa zaidi: watu hawasomi mstari wa anwani hata hivyo. Kwa nini tuharibu sura ya programu kwa ajili ya ishara isiyotazamwa?

Kwa muda nilidhani hapo nimeshindwa. Halafu nikajiuliza, watu walijifunza wapi kutotazama? Mtu hazaliwi akiwa tayari kuandika neno lake la siri popote penye kisanduku. Anazoezwa. Kila programu inayomwomba aingie kwenye akaunti yake ndani ya dirisha lisilo na anwani inamfundisha, kwa upole na kwa rangi nzuri, kwamba kuuliza uko wapi ni kupoteza muda. Waraka ule wa 2017 unalisema hili pia kwa lugha yake kavu: hata ukurasa ukiwa wa kweli, unamzoeza mtumiaji kuamini bila kuhakikisha. Siku atakapokuja mwizi, atakuta shamba limelimwa. Mwizi atapanda tu.

Hii ndiyo maana nasema swali si la kiufundi. Mtengenezaji mwaminifu, ambaye hana nia ya kusoma neno la siri la mtu yeyote, bado anaweza kumdhuru mtu ambaye hatakutana naye kamwe. Hamdhuru kwa kuiba. Anamdhuru kwa kutumia imani ya watu kama mti wa kijiji ambao kila mtu anakata tawi moja, akisema tawi moja halitaua mti. Uaminifu wake binafsi haumsaidii, kwa kuwa kinachobaki nyuma yake si nia yake. Ni mazoea.

Nilipata nafasi ya kuyajaribu mawazo haya kwenye kazi halisi. Tulikuwa wanne, tukitengeneza programu ya chama cha akiba na mikopo, na michango ilipaswa kulipwa kwenye ukurasa wa benki. Mwenyekiti alitaka ukurasa ule uwe ndani, chini ya nembo ya chama, bila anwani, wenye rangi ya kijani kama kadi zao za uanachama. “Wanachama wangu wataona ni chama chao,” alisema, na alilisema kwa upendo wa kweli. Mwenzangu mmoja alikubaliana naye. Tulipobaki wenyewe aliniambia, “Kaka, wewe unatafuta makosa ambayo hatuna mpango wa kuyafanya.”

Nikamjibu kwamba hilo ndilo hasa. Sisi hatuna mpango, lakini mwanachama hajui kama hatuna. Anatuamini kwa sababu hana njia nyingine. Kumheshimu mtu ni kumpa njia ya kutokutuamini.

Tulibishana jioni nzima. Mwishowe tukamweleza mwenyekiti kwa mfano wa kaunta: ukitaka wanachama waweke pesa benki, utawapeleka benki, au utamweka mtu wa benki nyuma ya pazia ofisini kwako na kuwaambia wapitishe pesa chini ya pazia? Alicheka, akakubali nusu. Michango ya kila wiki ililipwa kwa kisanduku cha mtandao wa simu, na ukurasa wa benki ulifunguka kwenye kivinjari, anwani ikiwa juu. Kabla ya kufunguka tuliweka sentensi moja: Sasa unatoka kwenye programu ya chama na kwenda benki.

Wiki ya kwanza alipiga simu mama mmoja anayeuza vitambaa sokoni. Nilipomaliza kumwamkia alisema, “Marahaba mwanangu. Hii programu yenu mbona imenitoa nje?” Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na huku nje ni kwa nani?” Nikamsomesha anwani iliyoko juu, herufi kwa herufi, akalinganisha na iliyochapwa kwenye kadi yake ya benki. Ilituchukua kama dakika sita. Mwenzangu alikuwa ananitazama, na alipoona nimekata simu akasema, “Si unaona? Kila mtu atapiga hivi.”

Hawakupiga wote, lakini walipiga wengi kiasi cha kutuchosha, na sitadai kwamba programu ile ilipendwa kuliko ambavyo ingependwa. Mwenyekiti bado anaikumbuka rangi yake ya kijani. Hata hivyo lile swali la mama, kwamba huku nje ni kwa nani, ndilo ninalotamani kila mtu mwenye simu aliulize kabla ya kuandika neno lake la siri. Hakulijua kwa kusoma. Alilijua kwa sababu alihisi kizingiti chini ya mguu wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mshono unaotenganisha mchoro na mchoro, uufiche, na uhakikishe umemfichia pia mwenye simu ya zamani na mwenye kusikiliza badala ya kuona. Kama hukuwafichia hao, basi hujauficha, umeuhamishia kwao. Mshono unaotenganisha mwenye dhamana na mwenye dhamana mwingine, usiufiche hata kama una uwezo, hata kama mteja anakuomba, hata kama nia yako ni safi kama maji ya mvua. Uache uonekane, na uache utengenezwe na mfumo ambao wewe huwezi kuuigiza.

Kuna gharama hapo. Programu itakuwa na kovu. Mbunifu atakunja uso, na takwimu za wanaoacha malipo njiani huenda zikapanda kidogo, na mtu atakuja na jedwali kwenye kikao kukuonyesha. Fundi wa programu hulipwa kwa kumfanya mtu asikwame. Sehemu ndogo ya kazi hiyo, ambayo sijaona ikiandikwa kwenye mkataba wowote, ni kujua pale ambapo mtu anastahili kukwama kidogo, atazame juu, asome amefika kwa nani, halafu aamue mwenyewe kama ataingia.